Upimaji wa Udongo Kabla ya Ujenzi wa Mabwawa ya Maji ya Mvua: Mambo Ambayo Mwananchi Anapaswa Kuyafahamu

Na Mwandishi Wetu

Ukuaji wa miji nchini umeleta barabara za lami, masoko, maegesho ya magari na makazi mapya. Sambamba na maendeleo hayo, sehemu kubwa ya ardhi ambayo awali ilikuwa ikinywa maji ya mvua imefunikwa kwa saruji, lami na mabati. Maji yanayokosa pa kuzama hukimbilia mabondeni kwa wingi na kwa kasi, na wanaoishi huko ndio wanaobeba mzigo wake.

Jiji la Dar es Salaam linaufahamu mzigo huo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaligharimu maisha ya watu zaidi ya 40, na baadhi ya familia zilizokuwa zikiishi Bonde la Mto Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Katika misimu iliyofuata, Barabara ya Morogoro eneo la Jangwani imefungwa mara kadhaa kutokana na maji ya mto huo kufurika.

Miongoni mwa njia za kupunguza madhara hayo ni ujenzi wa mabwawa ya maji ya mvua. Hata hivyo, bwawa la namna hiyo halisanifiwi kwa kukisia. Kabla ya kuamua ukubwa wake, mahali pake na hata aina yake, wataalamu hulazimika kujua udongo wa eneo husika unapitisha maji kwa kasi gani. Makala haya yanafafanua upimaji huo, namna unavyofanyika, makosa yanayoweza kuupotosha, na nafasi ya mwananchi katika kuufanikisha.

Bwawa la maji ya mvua ni nini?

Bwawa la maji ya mvua ni eneo lililochimbwa au kuzungushiwa tuta ili kupokea maji ya mvua kubwa na kuyashikilia kwa muda. Ni tofauti na lambo la kunyweshea mifugo au bwawa la umwagiliaji, ambayo hujengwa ili maji yakae. Bwawa la maji ya mvua hujengwa ili maji yaondoke, ila yaondoke kwa utaratibu.

Yapo mabwawa ya aina kuu mbili. Aina ya kwanza hushikilia maji na kuyaachia polepole kupitia bomba au mlango mdogo kuelekea mtoni au kwenye mfereji mkubwa. Aina ya pili huyaacha maji yazame ardhini kupitia sakafu na kuta zake. Yapo pia mabwawa yanayochanganya njia zote mbili.

Aina ya pili ina manufaa ya ziada, kwa kuwa hurudisha maji kwenye hifadhi ya chini ya ardhi inayotegemewa na visima. Lakini ndiyo inayotegemea zaidi ukweli wa kipimo cha udongo. Udongo ukidhaniwa kuwa unakunywa maji haraka, na kumbe unakunywa polepole, bwawa litajengwa dogo kuliko mahitaji. Litajaa katika mvua ya kwanza, litabaki na maji mvua ya pili itakapofika, na maji yatakayozidi yatamwagikia nyumba zilizo chini yake. Kosa lililofanyika shimoni siku ya kupima huonekana miaka kadhaa baadaye, na mara nyingi wanaoliona ni watu ambao hawakuwepo siku hiyo.

Namna udongo unavyopitisha maji

Kila udongo una nafasi ndogo kati ya chembe zake, na maji hupita katika nafasi hizo. Chembe za mchanga ni kubwa na nafasi kati yake ni pana, hivyo maji hupita kwa urahisi. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, na ingawa nafasi kati yake ni nyingi, ni finyu kiasi kwamba maji hukwama. Tofauti ya upitishaji maji kati ya kokoto safi na mfinyanzi mzito inaweza kuzidi mara milioni moja. Ni vigumu kupata sifa nyingine ya udongo yenye tofauti kubwa kiasi hicho, na ndiyo maana haiwezi kukadiriwa kwa kutazama tu.

Msingi wa kisayansi wa jambo hili uliwekwa na mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1856 kuhusu huduma ya maji katika mji wa Dijon. Kwa kupitisha maji katika nguzo zilizojazwa mchanga, Darcy alionesha kwamba kiasi cha maji kinachopita huongezeka kadiri msukumo wa maji unavyoongezeka, na hupungua kadiri tabaka la mchanga linavyokuwa nene. Kila aina ya udongo ina kiwango chake cha upitishaji, na kiwango hicho ndicho wahandisi wanachokitafuta hadi leo.

Kwa matumizi ya usanifu wa mabwawa, kasi ya maji kuzama ardhini hutajwa kwa milimita kwa saa. Kasi ya milimita 1 kwa saa ina maana kwamba kila mita moja ya mraba ya ardhi inakunywa lita 1 ya maji kwa saa moja. Mchanga safi unaweza kunywa mamia ya milimita kwa saa. Udongo tifutifu wenye mchanga kwa kawaida hunywa makumi ya milimita. Mfinyanzi mzito huweza kunywa chini ya milimita 1 kwa saa.

Nchini Tanzania tofauti hizo zipo kwa wingi. Ukanda wa pwani wa Dar es Salaam una mchanga mwingi, lakini chini ya mchanga huo hupatikana matabaka ya mfinyanzi yanayozuia maji kushuka. Mabonde ya mito yana udongo ulioletwa na maji, ambao unaweza kuwa mchanga hapa na tope zito hatua chache mbele. Maeneo ya mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambayo hupatikana katika mikoa kadhaa, hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Visiwani Zanzibar, ardhi ya mawe ya matumbawe inaweza kumeza maji kwa haraka sana kupitia nyufa na mapango, jambo ambalo lina hatari zake kama itakavyoelezwa.

Hatua za upimaji

Upimaji huanza kabla ya jembe kugusa ardhi. Wataalamu hukusanya ramani za jiolojia, kumbukumbu za visima vilivyochimbwa jirani, takwimu za mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na taarifa za rasilimali za maji kutoka bodi ya bonde husika. Kwa Dar es Salaam, bodi hiyo ni ya Bonde la Wami/Ruvu. Taarifa hizi husaidia kuamua mashimo ya majaribio yachimbwe wapi na kwa kina gani.

Hatua ya pili ni kuchimba mashimo ya uchunguzi ili kuona matabaka ya udongo yanavyopangana. Mashimo hayo hushushwa chini zaidi ya sakafu ya bwawa linalokusudiwa, kwa sababu tabaka la mfinyanzi au mwamba lililojificha nusu mita chini ya sakafu linaweza kuzuia maji yote yanayotoka juu. Katika hatua hii huangaliwa pia kina cha maji ya ardhini. Utaratibu unaokubalika kwa kawaida ni kuwa na angalau mita 1 ya udongo mkavu kati ya sakafu ya bwawa na kiwango cha juu kabisa ambacho maji ya ardhini hufikia wakati wa mvua.

Hatua ya tatu ndiyo kipimo chenyewe. Njia zinazotumika zaidi ni tatu.

Njia ya kwanza ni ya shimo. Huchimbwa shimo lenye umbo la mstatili hadi usawa wa sakafu ya bwawa, hujazwa maji kwa haraka, kisha muda wa maji kushuka hurekodiwa. Utaratibu unaofahamika sana, ambao chimbuko lake ni Uingereza, hutaka shimo lijazwe mara tatu, na muda unaohesabiwa ni ule ambao maji yanatumia kushuka kutoka robo tatu ya kina hadi robo moja. Matokeo yanayochukuliwa ni ya zamu iliyoonesha kasi ndogo kuliko zote.

Njia ya pili ni ya pete mbili za chuma, kubwa na ndogo, zinazogongelewa ardhini moja ndani ya nyingine. Pete ya ndani kwa kawaida huwa na kipenyo cha sentimita 30 na ya nje sentimita 60. Zote mbili hujazwa maji hadi usawa mmoja, lakini kinachopimwa ni maji ya pete ya ndani pekee. Maji ya pete ya nje yana kazi ya kuzuia maji ya ndani yasitawanyike pembeni, ili yanayopimwa yawe yale yanayoshuka chini kweli. Kipimo huendelea hadi kasi iache kubadilika.

Njia ya tatu ni ya maabara. Sampuli ya udongo hutolewa ikiwa ndani ya bomba la chuma, hufungwa vizuri, kisha maji hupitishwa ndani yake chini ya msukumo unaojulikana. Njia hii ni sahihi kwa sampuli yenyewe, lakini sampuli ni ndogo. Haiwezi kuonesha ufa, mizizi, au tabaka la mchanga lililo umbali wa mita moja kutoka pale ilipochukuliwa. Kwa sababu hiyo, matokeo ya maabara hutumika kuthibitisha vipimo vya uwandani, na si kuchukua nafasi yake.

Mfano wa hesabu

Ili kuonesha uzito wa kipimo hiki, tuchukue mfano wa shimo lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 50, na maji yenye kina cha mita 1. Maji yakishuka kutoka sentimita 75 hadi sentimita 25, kiasi kilichozama ni lita 500.

Maji hayo hayakupita kwenye sakafu ya shimo peke yake. Kuta nazo zilikunywa. Sakafu ina eneo la mita ya mraba 1, na kuta zilizolowa, zikihesabiwa katika nusu ya kina, zina mita za mraba 2.5. Jumla ni mita za mraba 3.5. Tuseme zamu ya kwanza ilichukua dakika 80, ya pili dakika 105 na ya tatu dakika 120. Kwa kugawa lita 500 kwa eneo hilo na kwa muda uliotumika, kasi inakuwa takriban milimita 107 kwa saa katika zamu ya kwanza, 82 katika ya pili na 71 katika ya tatu.

Kuna mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba udongo uliokauka hunywa kwa pupa mwanzoni, kisha hupunguza kasi unapoloana. Anayepima mara moja na kuondoka ameipima kiu ya udongo, si uwezo wake. La pili ni kwamba mtu akiangalia tu maji yalivyoshuka nusu mita kwa saa mbili, atasema kasi ni milimita 250 kwa saa. Amesahau kuta, na amezidisha uwezo wa udongo mara tatu na nusu.

Sasa tulihamishie jambo hili kwenye bwawa. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya eneo la hekta 1 lililojengwa, na asilimia 70 ya maji ikatiririka, bwawa litapokea lita 350,000, sawa na mita za ujazo 350. Tuseme sakafu ya bwawa ina mita za mraba 400. Mhandisi makini hatatumia kasi ya milimita 71 kama ilivyo. Ataigawa, angalau kwa 2, kwa kuzingatia kuwa tope litaziba sehemu ya sakafu kadiri miaka inavyopita. Panapokuwa na nyumba au miundombinu muhimu chini ya bwawa, mgawanyo huo unaweza kufikia 10.

Kwa kugawa kwa 2, kasi ya usanifu inakuwa takriban milimita 35 kwa saa. Sakafu yote itakunywa mita za ujazo 14 kwa saa, na bwawa litakauka baada ya saa 25. Muda huo unakubalika, kwa kuwa miongozo mingi ya usanifu hutaka maji yaishe ndani ya saa 24 hadi 72.

Lau mhandisi angetumia ile kasi ya milimita 250, hesabu ingemwambia kuwa bwawa litakauka kwa saa tatu na nusu. Angeshawishika kulipunguza ukubwa ili kuokoa ardhi na fedha, na bwawa lingeshindwa kazi yake.

Na kama udongo ungekuwa wa mfinyanzi wenye kasi ya milimita 5 kwa saa, baada ya kugawa kwa 2 bwawa lilelile lingekunywa mita 1 ya ujazo kwa saa. Maji yangekaa kwa saa 350, yaani zaidi ya siku 14. Katika mazingira ya joto, mbu wa malaria huweza kukua kutoka yai hadi mbu kamili kwa takriban siku 7 hadi 14. Bwawa lililokusudiwa kuwakinga wananchi na mafuriko lingegeuka kuwa mazalia ya mbu, na bado lisingekuwa na nafasi ya kupokea mvua inayofuata.

Makosa yanayopotosha kipimo

Yapo makosa yanayojirudia, na mengi hutokana na haraka au kubana gharama.

Kosa la kwanza ni kupima juu juu. Udongo wa juu una mizizi, mashimo ya wadudu na mboji, hivyo hunywa maji vizuri. Sakafu ya bwawa haitakuwa hapo. Itakuwa mita moja, mbili au zaidi chini, ambako udongo unaweza kuwa wa aina nyingine kabisa. Kipimo lazima kifanyike katika usawa wa sakafu.

Kosa la pili ni kutegemea shimo moja. Katika bonde la mto, udongo hubadilika ndani ya hatua chache. Kadiri eneo la bwawa linavyokuwa kubwa, ndivyo mashimo yanavyopaswa kuongezeka, na matokeo yanapotofautiana sana, yaliyo dhaifu ndiyo yanayopewa uzito.

Kosa la tatu ni kupima wakati wa kiangazi pekee bila kuulizia hali ya masika. Katika udongo wa mbuga, maji ya jaribio huingia kwenye nyufa na kupotea upesi. Mvua zinapoanza, udongo huvimba, nyufa hufungika, na uwezo ule hutoweka. Vilevile, mahali ambapo shimo ni kavu mwezi Septemba, maji ya ardhini yanaweza kupanda hadi karibu na uso wa ardhi mwezi Aprili. Bwawa haliwezi kumimina maji kwenye ardhi ambayo tayari imeshiba.

Kosa la nne ni la uchimbaji. Katika udongo wenye mfinyanzi, ndoo ya mtambo au sepetu inaweza kulainisha kuta za shimo kama mfinyanzi anavyolainisha chungu, na kufunga njia za maji. Kuta hukwaruzwa kabla ya kujaza maji, na maji yanayotumika huwa safi, kwa kuwa maji ya tope huziba udongo na kutoa jibu lisilo sahihi.

Pale ardhi isipofaa

Matokeo mabaya ya kipimo hayamaanishi kuwa mradi umeshindikana. Yanamaanisha kuwa aina ya bwawa lazima ibadilike. Penye mfinyanzi mzito, hujengwa bwawa la kushikilia maji na kuyaachia kwa bomba, au maji hupelekwa kwenye eneo jirani lenye udongo unaofaa. Penye maji ya ardhini yaliyo karibu, bwawa huwa pana na la kina kifupi.

Aidha, ardhi inayokunywa maji haraka kupita kiasi nayo ni tatizo. Maji yanayotiririka mjini hubeba mafuta ya magari, taka na vijidudu. Tabaka la udongo huyachuja yanapopita polepole. Katika mawe ya matumbawe au kokoto tupu, maji hushuka kabla ya kuchujwa na yanaweza kufikia visima vinavyotumiwa na wananchi. Katika hali hiyo huongezwa tabaka la mchanga au udongo maalumu juu ya sakafu, au bwawa huzuiwa lisizamishe maji kabisa.

Maeneo mengine hayafai hata kama kipimo ni kizuri. Haya ni pamoja na miteremko mikali inayoweza kuporomoka ikilowa, maeneo yaliyo karibu na misingi ya majengo, maeneo yaliyowahi kuwa madampo, na maeneo yaliyo karibu na visima au mashimo ya vyoo. Mbali na hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito, fukwe na maziwa dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira. Usanifu wa bwawa hauna budi kuheshimu masharti hayo.

Baada ya ujenzi

Kipimo cha udongo huonesha uwezo wa ardhi siku kilipofanyika. Kuulinda uwezo huo ni kazi inayoendelea.

Wakati wa ujenzi, mitambo mizito haipaswi kupita juu ya sakafu ya bwawa, kwa kuwa uzito wake hushindilia udongo na kuziba nafasi zilizopimwa. Maji yenye tope kutoka kwenye eneo la ujenzi yasielekezwe bwawani kabla kazi haijakamilika na nyasi kuota. Baada ya ujenzi, ni vyema maji yapitie kwanza kwenye kibwawa kidogo cha kutulizia tope, ambacho ni rahisi kusafishwa, kabla ya kuingia kwenye bwawa kuu.

Taka ngumu ni adui mkubwa. Mifuko na chupa za plastiki huziba milango ya maji, na taka laini hufunika sakafu kama kifuniko. Bwawa lililosanifiwa kukauka kwa saa 25 linaweza kuanza kuchukua siku nne au tano bila mtu kutambua, hadi siku ya mvua kubwa. Kwa hiyo, muda wa bwawa kukauka baada ya kila mvua kubwa unapaswa kurekodiwa. Muda huo ukirefuka, ni ishara kwamba sakafu inahitaji kukwanguliwa na tope kuondolewa.

Nafasi ya mwananchi

Wananchi wanapowaona wataalamu wakichimba mashimo na kumimina maji, huweza kudhani kuwa maji yanapotezwa bure au kwamba eneo linapimwa kwa ajili ya kuchukuliwa. Ni haki ya mwananchi kuuliza na kupewa maelezo. Wataalamu wanatakiwa kujitambulisha kwa uongozi wa Serikali ya Mtaa au Kijiji kabla ya kuanza kazi, na Mwenyekiti au Afisa Mtendaji ndiye wa kwanza kuulizwa pale panapokuwa na shaka.

Maswali yafuatayo yanafaa kuulizwa katika mkutano wa hadhara wa kutambulisha mradi wa bwawa: Vipimo vilifanyika katika mashimo mangapi na kwa kina gani? Vilifanyika mwezi gani? Maji ya ardhini hupanda hadi wapi wakati wa masika? Bwawa likijaa mvua kubwa zijapo, litakauka baada ya muda gani? Maji yakizidi uwezo wake, yataelekea wapi? Nani atasafisha bwawa, na kwa bajeti ipi? Mradi uliofanyiwa maandalizi ya kutosha una majibu ya maswali hayo yote.

Wananchi nao wana maarifa ambayo hayapatikani kwenye vifaa vya kupimia. Mkazi aliyeishi eneo kwa miaka 30 anajua ni kisima kipi hujaa hadi mdomoni mwezi wa nne, ni uwanja upi hubaki na madimbwi kwa wiki nzima, na alama ya maji ya mafuriko ilifika wapi kwenye ukuta wa nyumba yake. Taarifa hizo zikitolewa kwa wataalamu mapema, huwaonesha mahali pa kuchimba na huwaepusha kuamini shimo lililopimwa katika mwezi wa ukame.

Wazazi na walezi wanakumbushwa kuwazuia watoto kusogelea mashimo ya majaribio, hasa yakiwa na maji. Wanaofanya upimaji, kwa upande wao, wanapaswa kuyazungushia uzio wakati wa kazi na kuyafukia mara wanapomaliza. Hairuhusiwi kutupa taka ndani ya mashimo hayo wala kuondoa vigingi vya alama, kwa kuwa jaribio linaweza kurudiwa mahali palepale wakati wa mvua ili kulinganisha matokeo.

Yeyote atakayebaini shimo lililoachwa wazi, au bwawa la maji ya mvua linalobaki na maji zaidi ya siku tatu baada ya mvua kukatika, atoe taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa au Kata, au kwa ofisi ya mhandisi wa halmashauri husika. Ataje tarehe mvua ilipokatika na tarehe aliyoliona bwawa likiwa bado na maji. Tarehe hizo mbili zinatosha kumwonesha mhandisi iwapo ardhi bado inakunywa maji kama ilivyopimwa.